Nyemo, Yona na Mashine ya Hewa

Huyu ni Nyemo. Ana miaka sita, na meno yake mawili ya mbele yameng'oka.

Na huyu ni Yona, mdogo wake. Yona ana miaka miwili. Bado hawezi kusema Nyemo. Anasema, "Nyenyo."

Wanakaa Dodoma, kwenye nyumba ya chumba kimoja, yenye mlango wa bluu.

Mwezi wa tisa, upepo unavuma Dodoma. Vuuu! Vuuu! Vumbi linapita chini ya mlango. Linakaa juu ya meza. Linakaa juu ya vikombe. Linaingia mpaka kwenye kifua cha Yona.

Vumbi likiingia, kifua cha Yona kinalia.

Fiii. Fiii. Fiii.

Mama alimpeleka hospitali. Daktari alimpa Yona dawa ya kuvuta. Kisha akasema, "Hewa ya chumbani kwake iwe safi. Ikishindikana, mtoto akae mahali pasipo na vumbi, mpaka mvua inyeshe."

Mahali pasipo na vumbi ni kwa Bibi, Kibakwe. Kule kuna milima na miti mingi. Lakini Kibakwe ni mbali. Na Nyemo ana shule.

Mama akachukua begi. Akaanza kupanga nguo za Yona.

"Kesho asubuhi nampeleka kwa Bibi kwa basi," Mama akasema. "Nitamwacha huko, mimi nitarudi."

"Atakaa mpaka lini?" Nyemo akauliza.

"Mpaka mvua."

Nyemo akahesabu kwa vidole. Mwezi wa kumi. Mwezi wa kumi na moja. Mwezi wa kumi na mbili. Vidole vitatu vilisimama.

"Mama, Yona atanisahau."

Mama alilikunja shati dogo la Yona. Akalikunjua. Akalikunja tena.

Mchana, boksi kubwa likafika. Lilitoka kwa Baba. Baba anafanya kazi mbali, Geita, kwenye mgodi.

Ndani ya boksi kulikuwa na mashine nyeupe. Ilikuwa ndefu kama ndoo mbili zilizowekwa moja juu ya nyingine.

Baba akapiga simu. "Hiyo ni mashine ya kusafisha hewa," akasema. "Inavuta hewa yenye vumbi, inatoa hewa safi. Iunganisheni na simu. Simu itawaonyesha rangi. Nyekundu, hewa ni mbaya. Kijani, hewa ni safi."

"Ikiwa kijani, Yona abaki?" Nyemo akauliza.

Baba akamuuliza Mama, "Mama Nyemo, unasemaje?"

Mama akaitazama mashine. Akamtazama Yona. "Ikiwa kijani kabla ya kulala," akasema, "Yona anabaki."

Nyemo akaruka juu. Yona naye akaruka, ingawa hakujua kwa nini. Kisha akakohoa. Fiii. Fiii.

Mama akaiweka mashine karibu na kitanda. Akaufungua mgongo wake, akachungulia ndani, akatabasamu, akaufunga. Tk!

Akachomeka waya ukutani. Mashine ikaamka. Vuuum.

Mama akafungua simu. Akasoma polepole, neno kwa neno. "Bonyeza kitufe kwa sekunde tano. Subiri taa ya bluu."

Mama akabonyeza. Akatoa kidole haraka haraka, kama mtu aliyegusa sufuria ya moto.

Taa haikuwaka.

Simu ikaandika: Jaribu tena.

"Haya," Nyemo akasema. "Tujaribu tena."

"Naogopa kuiharibu," Mama akasema. "Ni mpya, mwanangu."

"Niweke kidole changu juu ya chako?"

"Weka."

Kidole cha Mama kikakaa kwenye kitufe. Kidole cha Nyemo kikakaa juu ya kidole cha Mama. Wakahesabu pamoja.

"Moja... mbili... tatu... nne... tano!"

Pii. Pii. Pii. Taa ya bluu ikawaka na kuzima, ikawaka na kuzima.

"Inatukonyeza!" Nyemo akasema.

Mama akaishika simu karibu na mashine. Simu ikatafuta. Kiduara kikazunguka, kikazunguka, kikazunguka.

Simu ikaandika: Hakuna intaneti. Jaribu tena.

"Haya," Nyemo akasema, kwa sauti ndogo kidogo. "Tujaribu tena."

Mama akakaa kwenye kochi. "Kwa leo, akili yangu imeishia hapa. Nenda kamwite Anti Semeni."

Anti Semeni ni jirani. Anasuka nywele pale nyumba ya pili. Ana simu mbili, na ana maneno mengi kuliko redio.

"Hodi, hodi!" Anti Semeni akaingia, kitana kikiwa kimechomekwa nyweleni. "Nimemwacha mteja kichwa nusu. Semeni upesi, nyumba inaungua?"

"Hapana, Anti," Nyemo akasema. "Mashine haitaki kuongea na simu."

Anti Semeni akaichukua simu ya Mama. Akatazama. Akacheka.

"Mama Nyemo, shoga yangu! Umeitaka simu yako itafute mashine. Halafu simu hiyo hiyo irushe intaneti. Itaweza?"

"Kwani haiwezi?" Mama akauliza.

"Nyemo, mkiruka kamba shuleni, wanaoshika ni wangapi?"

"Wawili, Anti. Mmoja huku, mmoja kule."

"Basi! Simu yangu ndogo itarusha intaneti kutoka huku. Simu ya Mama itaiongoza mashine kule. Ngojeni muone."

Anti Semeni akaiweka simu yake ndogo mezani.

"Neno la siri?" Mama akauliza.

Anti Semeni akaangalia mlango. Akaangalia dirisha. "Msicheke."

"Hatucheki," Nyemo akasema.

"Ni chipsimayai."

Nyemo akacheka. Mama akacheka, akaziba mdomo kwa kanga. Yona akacheka kuliko wote.

"Ipi! Ipi!" Yona akasema.

"Mmeona? Sasa mpaka mtoto anajua siri yangu!" Anti Semeni akasema.

Mama akaandika herufi moja moja. Hakukosea hata moja.

Kisha wakabonyeza kitufe tena, vidole viwili pamoja. Moja, mbili, tatu, nne, tano.

Pii. Pii. Pii.

Kiduara kikazunguka. Nyemo akashika pumzi. Mama akashika mkono wa Nyemo.

Piiiiip!

Simu ikaandika: Imeunganishwa.

"Lililililili!" Anti Semeni akapiga vigelegele. Yona akapiga makofi. Nyemo akazunguka chumba kizima, akarudi kuangalia simu.

Kwenye simu kulikuwa na duara kubwa. Duara lilikuwa na rangi.

Lilikuwa jekundu.

"Nyekundu," Nyemo akasema.

"Ndiyo kwanza imeanza," Anti Semeni akasema. "Ipeni muda."

Nje, mtu akaita, "Semeni weee! Kichwa changu!"

"Nakuja, mama! Kichwa chako hakiendi popote!" Anti Semeni akatoka mbio. Simu yake ndogo akaiacha mezani.

Mama akafunga dirisha. Akaweka kitambaa chini ya mlango. Wakangoja.

Mashine ikaunguruma. Vuuum.

Nyemo akaangalia simu. Nyekundu.

Mama akapika ugali. Wakala. Nyemo akaangalia simu tena. Nyekundu.

Mama akamwogesha Yona. Akamvalisha nguo za kulalia. Nyekundu.

Jua likashuka nyuma ya nyumba za jirani. Kifua cha Yona kikalia. Fiii. Fiii.

Mama alilichukua begi, akaweka soksi za Yona ndani. Akavuta zipu. Zzzzip.

Nyemo hakulia. Alikaa sakafuni, mbele ya mashine. Alikuwa anawaza.

Simu inaongea na mashine. Mashine inaongea na simu. Sasa kwa nini hewa bado ni mbaya?

Aliweka kiganja juu ya mashine, pale pa kutokea upepo. Upepo ulikuwa mdogo. Mdogo sana. Mdogo kama Yona anapopuliza uji.

Nyemo akaweka sikio kwenye mgongo wa mashine. Akafumba macho. Akasikiliza.

Vuuum.

Na ndani ya vuuum, kulikuwa na sauti nyingine. Ndogo.

Kwacha. Kwacha. Kwacha.

"Ninaijua sauti hii," Nyemo akawaza. "Nimeisikia wapi?"

Yona akapanda kwenye kochi. Kochi lao lilikuwa bado na nailoni yake ya dukani. Mama hakupenda lichafuke.

Yona akakaa. Kwacha!

Nyemo akafumbua macho.

Alilitazama kochi. Lina nailoni. Aliitazama rimoti ya televisheni. Ina nailoni. Aliitazama saa ya ukutani. Nayo ina nailoni.

"Mama," akasema polepole. "Mashine ina nailoni tumboni?"

Mama aligeuka. "Ndiyo. Ule mto mweupe wa kuchuja vumbi umefungwa na nailoni. Nimeiona. Nimeiacha, usije ukachakaa."

"Sasa Mama, vumbi litaingiaje kwenye mto?"

Mama akaja karibu.

Akaitazama mashine. Akamtazama Nyemo. Akaweka mkono kichwani.

"Jamani, mimi!"

Wakazima mashine. Mama akaufungua mgongo wake. Tk! Akautoa mto mweupe. Ulikuwa umefungwa vizuri, ndani ya nailoni inayong'aa.

"Nilitaka zawadi ya Baba yako idumu," Mama akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo, kama ya mtoto.

"Vua wewe upande huu, Mama. Mimi navua huku."

Kwacha, kwacha, kwachaaa! Nailoni ikatoka.

"Hodi! Nimefuata simu yangu." Alikuwa Anti Semeni, mlangoni. Akaiona nailoni. Akamwona Mama. Akaelewa.

"Mama Nyemo! Na viatu vyako unavivaa na boksi lake?"

"Niache, Semeni," Mama akasema, huku anacheka na kufuta macho. "Leo nimevuliwa ushamba na mtoto wa darasa la kwanza."

"Simu yangu na ikae hapa mpaka kesho," Anti Semeni akasema. "Siwezi kuondoka sijaona rangi."

Mama akarudisha mto ndani. Akafunga. Akawasha.

VUUUUM!

Upepo ukatoka juu, baridi na mzuri. Ukainua nywele za Yona. Yona akainua uso, akafumba macho.

Wakaitazama simu. Nyemo, Mama, Yona na Anti Semeni. Vichwa vinne juu ya simu moja.

Nyekundu.

Nyekundu.

Vichwa vikasogea karibu zaidi.

"Imebadilika?" Nyemo akanong'ona.

Imebadilika. Sasa lilikuwa duara la rangi ya chungwa.

Wakangoja. Anti Semeni hata hakusema neno. Duara likawa la njano, kama ndizi mbivu.

Wakangoja tena. Njano ikakaa. Ikakaa sana. Nyemo akaanza kusinzia, akajifinya mkono.

Na kisha, taratibu, duara likawa kijani.

"Kijani!" Nyemo akasema. "Mama, kijani!"

Mama akamvuta Yona. Akaweka sikio kwenye kifua chake. Akasikiliza muda mrefu.

"Weka na wewe," akamwambia Nyemo.

Nyemo akaweka sikio. Kifua cha Yona kilikuwa kinapanda na kushuka. Fi. Fi. Kilikuwa bado kinalia, lakini kwa mbali sana, kama filimbi inayoondoka.

"Anabaki?" Nyemo akauliza.

Mama akavuta zipu ya begi. Zzzzip. Akatoa soksi. Akatoa shati dogo. Akatoa kila kitu, akakirudisha kabatini.

Kisha akampigia Bibi simu.

"Mama, shikamoo. Samahani, kesho hatuji. Yona anabaki huku. Hewa ya chumbani imekuwa safi."

Sauti ya Bibi ikatoka kwenye simu, kubwa, chumba kizima kikasikia.

"Haji? Mimi nimeshatandika kitanda! Nimeshachemsha maziwa! Nimeshawaambia majirani wote mjukuu wangu anakuja!"

"Samahani, Mama."

"Samahani ya nini? Mtoto anapumua?"

"Anapumua vizuri."

"Namshukuru Mungu. Basi, msihangaike. Hilo basi nalipanda mimi."

Anti Semeni akacheka mpaka kitana kikaanguka. Akaaga, akaenda kwake.

Mama akazima taa kubwa. Nyemo akapanda kitandani. Yona akapanda, akajikunja karibu naye.

"Nyenyo," akasema. Akalala papo hapo.

"Mama," Nyemo akauliza, "Bibi akija, atalala wapi?"

"Hapo, na nyinyi."

Nyemo akamsogeza Yona ukutani, polepole, asimwamshe. Kisha naye akasogea, mpaka bega lake likagusa bega la Yona.

Upande wa pili akaacha nafasi ya Bibi. Akaipigapiga kwa kiganja, ikawa laini.

Akafumba macho.