Joka wa Daraja la Tatu

Kila Jumamosi Klaudia alimenya ndizi za mchana pamoja na mama yake, akafua sare, kisha akaenda kwa rafiki yake Pinky. Baba yake Pinky, Alpesh, alikuwa na duka la vitambaa Rwamishenye, mjini Bukoba. Chumba cha nyuma ya duka ndicho kilichokuwa uwanja wa vita wa watoto.

Walicheza mchezo wa kusimulia kwa kurusha dadu. Pinky, Mutembei na Buberwa kila mmoja alikuwa na shujaa wake. Klaudia alikuwa msimulizi: alibuni mazimwi na kuyapa daraja la ugumu, kuanzia la kwanza hadi la kumi. Wachezaji wakishasikia daraja, huamua kupigana au kukimbia. Shujaa akifa, hafufuki.

Wiki iliyotangulia Buberwa alikuwa amemcheka. "Mazimwi yako ni vifaranga," alisema. "Yanangoja kuchinjwa tu." Maneno hayo yalimkaa Klaudia moyoni.

Siku hiyo akawapeleka mashujaa kisiwani Goziba. "Kwenye miamba anatoka joka," alisimulia. "Meno yake yana damu ya wavuvi."

"Wa daraja gani?" aliuliza Buberwa.

Klaudia alikuwa amempa joka nguvu za daraja la nane. "La tatu," alijibu.

"Huyo tunamuweza. Tunapigana."

Dadu zikarushwa. Joka akapasua ngao ya shujaa wa Mutembei, akamng'ata mkono na kuunyofoa begani. Mkia wake ukavunja mbavu za shujaa wa Pinky, aliyekuwa mganga, naye akatapika damu juu ya mawe. Shujaa wa Buberwa, aliyeitwa Kaijage, alimchoma joka mkuki shingoni tena na tena, lakini joka hakuanguka. Alimkamata Kaijage kiunoni, akampigiza mwambani mpaka akanyamaza.

"Amekufa," alisema Klaudia, akitabasamu.

Mutembei alikuwa akihesabu mapigo kwa vidole. "Joka wa daraja la tatu angekufa mapema. Umetudanganya."

"Sijawadanganya. Hamjui kupigana."

Buberwa aliruka, akampiga ngumi mdomoni. Klaudia akaanguka, akainuka na kigoda mkononi, akamtwanga nacho usoni. Ngozi ikapasuka juu ya jicho la Buberwa. Damu ikamtiririka shavuni, ikadondoka sakafuni, na hii haikuwa ya hadithi. Pinky akalia akimwita baba yake.

Alpesh aliingia mbio, akakandamiza jeraha kwa kipande cha kitambaa. "Jicho limepona," alisema. "Kigoda kingeshuka kidogo tu, lingetoboka. Nani ameanza?"

Klaudia alitazama damu iliyomrukia mikononi. Hasira yote ikamwishia. "Ni mimi, Baba Pinky. Joka alikuwa wa daraja la nane. Nilitaka shujaa wake afe."

"Mimi ndiye niliyepiga kwanza," Buberwa alisema polepole.

Alpesh alimpeleka Buberwa zahanati, akashonwa. Jioni Klaudia na mama yake walikwenda kwa kina Buberwa kuomba radhi. Buberwa naye akamwomba msamaha, kwa kuwa mdomo wa Klaudia ulikuwa umevimba hata chakula kilimshinda.

Walipokutana tena, walikubaliana kwamba pambano lile lifutwe. Kisha wakampima joka pamoja: anavumilia mapigo mangapi, na pigo lake moja linaumiza kiasi gani. Hata Mutembei alikiri kuwa ni wa daraja la nane.

"Basi tunakimbia," alisema Buberwa, na wote wakacheka.

Alpesh, aliyekuwa amesimama mlangoni, hakucheka. "Klaudia, anayewatajia wenzake ukubwa wa hatari ameshika maisha yao," alisema. "Nahodha anayejua ziwa limechafuka, akawaambia abiria limetulia, amewazamisha kabla hawajapanda chombo. Nawe Buberwa, ukidanganywa, sema. Ngumi yako haikumfufua shujaa wako, bali nusura ikupotezee jicho."