Salama ya Wahida

Kila alasiri Wahida alimshika mkono mdogo wake, Twalha, na kumpeleka madrasa. Mtaa wao wa Bagamoyo mjini ulikatwa na mtaro mrefu wa maji ya mvua, nao waliuvuka juu ya mfuniko wa zege. Twalha hakukubali kupita bila kuruka. "Hodi, mtaro!" alisema.

"Karibu, mla vitumbua!" Wahida alimjibu kwa sauti nzito.

Siku moja lori la mchanga liliupasua mfuniko ule, likabaki shimo wazi. Mama yao, aliyekaanga samaki sokoni, alimwagiza Wahida, "Ukimwona mjumbe mwambie. Mie natoka alfajiri, simpati."

Jioni Wahida alikuwa akicheza rede na wenzake. Mjumbe wao, Mzee Shuaibu, alikuwa akizunguka kuwauliza wakazi shida zao kabla ya mkutano wa usalama.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Nyumbani hamjambo?"

"Hatujambo."

"Na upande wenu huu, salama?"

"Salama, babu."

Jibu lilitoka lenyewe, kama alivyofundishwa tangu utotoni. Alipoukumbuka mfuniko, mzee alikuwa ameshampa mgongo. Akaacha mpira, akaanza kumfuata.

"Wahida, unacheza au umeposwa na mjumbe?" Ashatu alimtania. Wasichana wakaangua kicheko. Wahida akaona haya, akarudi mchezoni. Usiku mama alipomuuliza, alijibu, "Nimemwambia."

Mkutanoni watu walitaka taa za barabarani na ulinzi dhidi ya vibaka. Kuhusu upande wa akina Wahida, mjumbe alisema, "Kule nimeuliza, ni salama." Wakaendelea na mengine.

Haukupita muda, mvua kubwa ikanyesha Twalha akiwa madrasa. Wahida alingoja ipungue ndipo amfuate, lakini mtoto alikuwa ameshaondoka. Maji yalikuwa yamefunika mtaro na njia, vyote vikawa kitu kimoja. Twalha aliruka pale alipozoea kuruka. Kama alipiga hodi, hakuna aliyemsikia. Vijana walimtoa mbali, karibu na mikoko, akiwa ameshafariki.

Matangani, Mzee Shuaibu alisimama mlangoni, kofia mkononi.

"Habari za hapa, mwanangu?"

Mama aliinua uso uliovimba kwa kilio. "Salama, mzee wangu," akajibu.

"Si salama!" Wahida alipiga kelele. "Si salama, mama! Babu aliponiuliza nilisema salama, na mfuniko umevunjika. Wewe nikakudanganya!"

Mama alimtazama Wahida kwa muda mrefu, kama mtu asiyemfahamu. Kisha alimvuta, akamfunika kwa khanga yake, wakalia pamoja.

Mzee Shuaibu alikaa chini pale pale kizingitini. "Nami nilipita jirani na njia ile," alisema taratibu. "Niliuliza kama mtu anayesalimia, nikajibiwa salamu. Sikwenda kutazama."

Matanga yalipoisha aliitisha mkutano mwingine. "Leo sisalimii mtu," alianza. "Semeni kibovu mlichokiona kwa macho yenu." Mikono iliinuka kila upande. Mmoja alitaja nguzo ya umeme iliyoinama, mwingine kisima kisicho na mfuniko. Wakakubaliana kuanza na mtaro. Wanaume walisuka nondo, wanawake wakabeba maji na kokoto, na zege jipya likamwagwa.

Zege lilipokauka, mjumbe aliwakusanya watoto kando ya mtaro.

"Wajukuu zangu, salama ya kuamkiana ni adabu, msiiache. Lakini mtu akikuuliza hali ya njia, kisima au nyumba, mwambie ukweli ulivyo, hata kama wenzako wanakucheka. Na sisi wakubwa, tukishauliza, twende tukaone." Akamgeukia Wahida. "Nawe, mjukuu wangu, hujambo?"

"Sijambo, babu," alijibu Wahida. Halafu akatikisa kichwa. "Hapana, babu. Moyo unaniuma."

"Hapo umenijibu," alisema mzee, akamshika mkono, wakavuka.