Mgomo wa Babu Dereva

Kila siku baada ya masomo, Redio hakwenda nyumbani moja kwa moja. Alipitia mlango wa nyuma wa nyumba ya wazee, akasukuma mkoba wake chini ya meza ya jikoni, akanawa mikono, ndipo akamwamkia mama yake. Mama alikuwa mpishi hapo, na jikoni kwake sheria ilikuwa moja: mikono kwanza, shikamoo baadaye.

Shuleni alikuwa na jina lake zuri tu. Hilo la Redio walimpachika wazee, maana mtoto huyu hakuwa na breki mdomoni. Ukimwambia jambo chumbani, ukifika ukumbini utalikuta limekutangulia, limekaa kitini linakusubiri. Hakuna aliyemkasirikia, lakini jina lilimchoma. Alitamani siku moja mtu ampe siri, aifungie ndani, watu washangae.

Rafiki yake mkubwa pale alikuwa Babu Dereva. Mzee huyu aliendesha treni ujana wake wote, na hata sasa, kabla hajainuka kitini, hupiga honi kwa mdomo. Yeye na Redio walipenda vitendawili kupita kiasi. Redio akiita "Kitendawili!" kutoka popote, iwe uani au nje ya bafu, Babu Dereva alijibu papo hapo, "Tega!" Hakuwahi kukosa. Hata akiwa na mswaki kinywani alijibu, povu likiruka mpaka kwenye kioo.

Siku hizo wazee walikuwa wakiandaa mchezo wa kuigiza wa kuchekesha. Aliyeutunga na kuuongoza ni Bibi Fundi, mshonaji mstaafu ambaye hakuvua tepu ya kupimia shingoni hata wakati wa kulala. Mchezo wenyewe ulihusu wazee waliochoka kunyweshwa uji mwepesi na kulazwa mapema kama vifaranga. Basi wanajifungia ukumbini, wanaficha filimbi ya msimamizi, na kiongozi wao anagoma kula. Bibi Fundi aliigiza msimamizi. Babu Dereva ndiye kiongozi wa waasi.

Redio alikaa nyuma ya pazia la mashuka, akiwanong'oneza waigizaji maneno waliyosahau. Kazi hiyo ilimvuruga akili. Wazee wengine walisahau kweli, lakini Babu Dereva aliongeza maneno yake mwenyewe kila mara, na Redio hakujua ni lini amesahau, ni lini anaigiza, na ni lini amekasirika kwelikweli.

"Hebu simameni!" Bibi Fundi alifoka siku moja mazoezini. "Wewe mzee, umegoma kula wiki nzima, halafu unapanda jukwaani unacheua?"

"Hiyo ni injini inapumua, dada."

"Injini yenyewe imeshiba! Nani atakuamini?"

Wazee walicheka wakashika mbavu. Babu Dereva naye alicheka, ila siku hiyo hakupiga honi tena.

Jumamosi ya maonyesho ikafika. Asubuhi Sista, muuguzi wa nyumba ile, alipita akiwachoma sindano wenye ugonjwa wa sukari, na Babu Dereva alikuwa mmoja wao. Nyuma yake akaja Redio na sinia la mkate, yai na uji.

"Weka hapo, mjukuu wangu. Rudisha mlango. Kitendawili!"

"Tega!"

"Nimepewa ndege nimfuge, na mlango wa tundu lake ni meno."

Redio akakuna kichwa. "Ulimi?"

"Ulimi hupewi, unazaliwa nao."

"Basi nakupa mji, Babu."

"Sitaki mji. Utalipata jibu baadaye. Sasa kaa ule hicho chakula."

"Mimi?"

"Leo mimi ni mgomaji. Nataka yule bibi anione nimelegea, akome kunicheka. Mchezo ukiisha nitakula mpaka sinia. Ila mama yako asijue, wala Sista. Utaweza, au nitafute redio iliyoisha betri?"

Redio akavimba kifua kwa fahari. Hatimaye, siri! Akala mkate, akala yai, akaumalizia uji. Mchana ikawa hivyo hivyo.

"Babu Dereva amekula?" Mama aliuliza, macho yake yakiwa kwenye sufuria.

"Sahani hii hapa, mama. Nyeupe."

Ilikuwa nyeupe kweli. Hata hivyo, Redio aliitumbukiza upesi kwenye karai la vyombo, asiulizwe tena.

Alasiri ukumbi ulijaa. Watoto wa wazee walikuja, na wajukuu, na majirani. Bibi Fundi alitokea na mto uliofungwa tumboni, akapuliza filimbi, watu wakaangua kicheko. Kisha akaingia Babu Dereva, akiyumba. Jasho lilimtiririka na mikono ilimtetemeka. Alitakiwa kusema, "Uji huu hatuunywi, hata ukiletwa kwa treni!" Badala yake akasema, "Tiketi zenu. Nani amehamisha stesheni?"

Ukumbi ukalipuka kwa kicheko. Bibi Fundi, aliyezoea vituko vyake, akajibu, "Stesheni imekimbia uji!" Watu wakapiga makofi.

"Uji huu hatuunywi," Redio alinong'ona. Babu Dereva hakugeuka.

Kichwa kikamzunguka Redio. Babu alisema ataonekana amelegea, na sasa amelegea. Basi anaigiza. Lakini jasho nalo linaigizwa? Akiropoka, na kumbe ni mchezo, atauharibu mbele ya umati, na Redio ataitwa Redio mpaka awe na mvi. Akinyamaza, na kumbe si mchezo... Hapo wazo lilikataa kuendelea.

"Kitendawili!" akanong'ona.

Kimya.

"Kitendawili!" akaita kwa nguvu.

"Tega!" akajibu mtoto mmoja wa safu ya mbele, na watu wakacheka tena. Babu Dereva aligeuka polepole, akamtazama Redio kama abiria asiyemjua.

"Wewe mtoto ni wa nani?"

Redio akaitupa karatasi ya maneno, akatoka mbio jukwaani. "Sista! Haigizi! Hajala tangu asubuhi! Chakula chake nimekula mimi!"

Watu wakazidi kucheka. Walidhani naye yumo mchezoni. Sista mwenyewe alikuwa akijifuta machozi ya kicheko.

"Na sindano amechomwa!" Redio akalia.

Kicheko cha Sista kikakatika. Aliruka viti, akafika jukwaani, akatoa kipimo mfukoni, akamtoboa Babu Dereva kidole na kupima damu. "Sukari imeshuka vibaya! Maji ya sukari, upesi!" Mama alikwisha kukimbilia jikoni. Nyuma bado kulikuwa na wapigao makofi, mpaka Bibi Fundi alipopuliza filimbi kwa hasira, mto wake ukaanguka, ukumbi ukanyamaza.

Babu Dereva alinyweshwa kidogo kidogo. Redio alipiga magoti kando, akimshikia kikombe. Baada ya muda macho ya mzee yakatulia. Yakauona mto sakafuni, yakamwona Bibi Fundi, yakamfikia Redio.

"Tega," akasema.

Redio akacheka na kulia kwa pamoja. "Nimelijua jibu, Babu. Yule ndege ni siri. Nimemwachia."

"Afadhali. Nilikosea kukupa ndege yule."

Jioni, Babu Dereva akiwa kitandani anakula chini ya ulinzi wa Bibi Fundi, Sista alimkalisha Redio karibu. "Sindano hushusha sukari mwilini," alisema. "Mtu akichomwa asile, sukari hushuka mno, akili huchanganyikiwa, na anaweza kufa. Siri ya zawadi itunze, mwanangu. Lakini siri inayomweka mtu hatarini, mwambie mtu mzima saa ile ile."

"Na ile sahani nyeupe," Mama akaongeza, "ulisema kweli, lakini ulinidanganya."

"Nisamehe, mama."

"Nimekusamehe. Nami kesho nitatazama uso wako, si sahani."

Jumamosi iliyofuata mchezo ulirudiwa. Babu Dereva alipanda jukwaani ameshiba, akafika penye mgomo, akacheua ukumbi mzima ukasikia.

"Mgomo gani huu?" akafoka msimamizi.

"Nimegoma kugoma!"

Kisha akasogea mbele akaanza kusema maneno mengine kabisa. Redio alipekua karatasi zake, juu, chini, hakuyaona popote.

"Nyie watoto," alisema mzee, "mkimwona mkubwa anawaomba mfiche jambo la kumdhuru, msimfichie, hata akiwa babu yenu mpenzi. Pigeni kelele kama redio!"

Akapiga honi ndefu, na pazia la mashuka likafungwa.