Kalamu Moja, Watu Wawili

Msimu wa kahawa, Murithi huwa wa kwanza kufika kiwandani. Mwaka huu alifika wa mwisho, akaketi juu ya gunia lake na kunywa maji. Alimaliza chupa nzima, akaenda chooni, akarudi akaomba maji mengine. Mkewe, Peris, alimtazama akaingiwa na hofu. Wiki moja nyuma daktari alikuwa amesema wazi: vidonge vimeshindwa, sukari imepanda sana, Murithi aanze kudungwa insulini mara moja. Mpaka siku hiyo insulini ilikuwa haijanunuliwa.

Si kwamba Peris hakujaribu. Alizunguka maduka ya dawa hapo Kianyaga mpaka kichwa kikamzunguka. Duka la kwanza lilimtajia bei ya chupa. La pili likataja bei ya kalamu, yaani sindano inayouzwa ikiwa na dawa ndani. La tatu likasema iko kalamu nyingine, ya kudungwa mara moja kwa wiki, na bei yake ni kama ya mbuzi mnono. Chupa, kalamu, kalamu ya wiki. Hata mimi ningerudi nyumbani mikono mitupu.

"Hii ingine ni ya kila siku," Peris alimwambia mumewe. "Hii ni ya wiki, ati mara nne tu kwa mwezi. Sasa rahisi ni gani?"

"Sijui, Mama Njoka," Murithi akajibu. "Mimi nimechoka tu."

Mpangaji wao, mwalimu Phelister, aliwasikia. Yeye alikuwa akijidunga ile kalamu ya wiki ili apunguze mwili. Hakuandikiwa na daktari. Aliiagiza kwa simu, na bei yake ilikuwa inamuumiza.

"Mama Njoka, mbona tusichange?" alisema. "Hii yangu inatibu hata sukari. Mzee adungwe, na mimi nidungwe. Tutakuwa tunabadilisha ile sindano ya mbele."

Peris aliona ni neno la akili. Daktari wa ng'ombe akija kwao, majirani hukusanya ng'ombe kwenye boma moja. Chupa ya dawa ni moja, sindano zinabadilishwa, gharama inagawanywa. Hakuna ng'ombe aliyewahi kulalamika.

Lililomsumbua ni kipimo tu. Phelister ni mwanamke mfupi, Murithi ni jitu la watu. Amdunge kiasi gani? Asubuhi akafunga kalamu kwa leso, akamshika mumewe mkono, wakaenda kliniki ya sukari. Shule zilikuwa zimefungwa, kwa hiyo Phelister akawasindikiza.

Muuguzi wa kliniki, Sista Nekoye, aliwasikiliza mpaka mwisho. Kisha akaichukua ile kalamu na kuiweka kando.

"Mmeshamdunga mzee?"

"Bado. Tumekuja kuuliza kipimo," Peris akasema.

"Afadhali. Kalamu ni ya mtu mmoja, hata mkibadilisha sindano. Ukijidunga, damu kidogo inaweza kurudi ndani ya dawa, na macho hayaioni. Hapo mnaweza kuambukizana ukimwi au ugonjwa wa ini."

"Na ng'ombe je?" Peris akauliza. "Wao hudungwa kwa chupa moja."

"Ya ng'ombe uliza daktari wao. Mimi niko na Murithi."

Akampima Murithi sukari. Ilikuwa juu mno. Akamwita daktari, na Murithi akadungwa insulini yake ya kwanza papo hapo.

"Na hii ya wiki si insulini," Sista akaendelea. "Mngempa hii badala ya ile aliandikiwa, angezidiwa mkiwa nyumbani."

Peris alianza kulia. "Ningemuua na mikono yangu."

"Hukuniua," Murithi akasema. "Umenileta hospitali."

"Lakini hizi bei, Sista. Nimechanganyikiwa."

"Ni kwa sababu unalinganisha chupa na kalamu. Linganisha mwezi na mwezi. Uliza hivi: dawa niliyoandikiwa, kwa kipimo changu, itanigharimu pesa ngapi mwezi mzima? Ongeza bei ya sindano. Uliza kama bima inalipa. Hii ya mwalimu inaanza na kipimo kidogo, halafu kinapanda. Bei pia inaweza kupanda. Mwalimu, uliambiwa?"

"Hapana," Phelister akajibu kwa sauti ndogo.

Peris akapiga hesabu upya. Chupa ya insulini aliiacha dukani kwa sababu ilikuwa ghali kuliko kalamu moja ya insulini. Sasa akaona kwamba, kwa kipimo cha Murithi, kalamu moja ingeisha katikati ya mwezi. Chupa ingemfikisha mwisho. Daktari akakubali atumie chupa, na Sista akawafundisha kuvuta dawa kwa bomba la sindano na kuihifadhi mahali pa baridi bila kuigandisha. Phelister naye akaingia kwa daktari kupimwa, jambo ambalo alipaswa kulifanya kabla ya kuagiza chochote.

Mwezi uliofuata sukari ya Murithi ilikuwa imeshuka. Kiu ilimwacha, na akawa analala usiku mzima.

Jumapili moja, baada ya ibada, jirani yao Waweru alimfuata Peris. Mama yake alikuwa ameambiwa aanze kudungwa.

"Mama Njoka, wewe unajua hizi vitu. Sindano ya sukari yenye iko bei rahisi ni gani?"

"Daktari ameandika gani?"

Waweru akakuna kichwa. "Hiyo sijui."

"Basi bado hujafika kwa bei," Peris akasema. "Rudi umuulize."