Kilio Kilichooshwa Mapema

Jumatatu Herménégilde alirudi kutoka Makobola, kwa wazazi wa bwana harusi wa binti yake, kichwa kimenyolewa hadi kinang'aa. Mkewe, Marie-Rose, aliinua macho kutoka kwenye cherehani na kucheka kwa mara ya kwanza tangu daktari amwambie kwamba kansa imekula mapafu na hawezi kumwahidi zaidi ya miezi miwili.

"Baba Igiraneza, nani amekuharibu hivyo?"

"Ni joto tu, mama." Alipita haraka, nguo zikinuka matope ya ziwa. Binti yao Igiraneza alimfuata nyuma, kitambaa kichwani, akisema anaficha nywele za harusi, zisionekane kabla ya siku.

Marie-Rose hakuwa na muda wa kupoteza juu ya vichwa vya watu. Alitaka jambo moja tu: kumwona Igiraneza akitoka kanisani Jumamosi ya wiki iliyofuata, ndani ya gauni alilolishona yeye mwenyewe. Kifua kilipombana alikunywa dawa, akalala kidogo, akarudi kushona. Siku zile alikuwa na furaha kuliko wazima wengi ninaowajua.

Jumatano mchana, akiwa kitandani, alisikia cherehani ikienda. Trrr, kimya, trrr. Alitabasamu akidhani binti anamsaidia, kisha akakumbuka kwamba Igiraneza yuko sokoni. Alipofika kwenye cherehani alikuta mkono wa gauni, aliouacha nusu, umemalizika, na kwenye kona umerudiwa mara tatu, jinsi anavyoshona yeye. Kitambaa kilikuwa kimelowa. Chini ya kiti palikuwa na mchanga na magamba ya samaki.

Alhamisi ukamalizika mkono wa pili. Ijumaa alilala macho wazi, mlango ameufunga kwa komeo, na bado akasikia nyayo zilizolowa zikiingia toka uani, zikapita karibu na kitanda bila haraka, harufu ya matope ikamjaa puani, kiti kikavutwa, cherehani ikaanza, na juu ya mlio wake mtu akaimba taratibu wimbo wa kumbembelezea Igiraneza utotoni, akauimba kwa sauti ya Marie-Rose mwenyewe, ile ya zamani, kabla ya kikohozi.

Jioni hiyo akaitwa Mama Ninahazwe, muuza makaa aliyejua mambo ya ziwa. Alinusa gauni, akamgeukia Herménégilde.

"Nani alioga kilio mu nyumba hii?"

Kwao mtu akishazikwa, ndugu hunyolewa na kuoga ziwani ili kilio kiishe. Kabla ya hapo hakuna harusi. Herménégilde alijipapasa upara.

"Batu ba Makobola balisema mama akikufa mbele ya harusi, tutangoja mwaka muzima," alisema kwa sauti ya chini. "Basi tukaoga mbele, ukiwa bado muzima. Docteur alishasema, mama Igiraneza. Weye ulikuwa unaenda tu."

"Minye niko hai!" Marie-Rose alisema. Miaka ishirini na tatu ya ndoa, na mume amemzika huku anakula ugali wake.

"Ziwa limesikia nafasi ya mama iko wazi," Mama Ninahazwe alimnong'oneza Marie-Rose. "Jini amekuja kuikalia. Kila aliyeoga aingie mu maji, akuite vile anakuitaka kila siku. Ukiitikia weye, ataenda. Jini akikutangulia kuitikia, atabaki."

Waliteremka ufukweni, hatua chache tu kutoka uani. Herménégilde aliingia majini.

"Mama Igiraneza!"

"Niko hapa."

Harufu ya matope iliyowafuata toka nyumbani ikapungua. Lakini kule nyumbani, ambako hawakuacha mtu, cherehani ilikuwa inakwenda.

"Kuna mwingine alioga," Mama Ninahazwe alisema.

Igiraneza alianza kulia. Alifungua kitambaa polepole. Hakuwa na unywele hata mmoja.

Maneno ya daktari hayakumuumiza Marie-Rose namna ile. "Na weye? Hili gauni nilikuwa namushonea nani?"

"Nisamehe, mama. Niliogopa wangenikataa."

"Ita, binti!" Mama Ninahazwe alimsukuma. Igiraneza aliingia hadi magotini.

"Mama!"

Marie-Rose alifungua mdomo. Pamoja na uchungu wote alitaka kuitikia, alitaka zile siku nane zilizobaki hadi harusi kuliko kitu chochote, lakini kikohozi kikamshika, kikamkunja, kikamwangusha kwenye mchanga.

Cherehani ikanyamaza.

"Niko hapa, mwanangu," ilisema sauti kutoka dirishani, nzuri, nzima. "Gauni limeisha. Njoo ulijaribu."

Igiraneza alimtazama mama yake pale chini, damu mdomoni, mkono ameunyoosha kwake. Alitazama dirisha. Kisha akashika sketi yake iliyolowa na kukimbia kuelekea nyumbani.

"Nakuja, mama," alisema.