Mama Kola Aanza Sehemu ya Kwanza

Karakana ya ushonaji ilikuwa na cherehani ishirini, na cherehani ya dirishani ilikuwa ya Mama Kola. Hilo halikuwa jina lake la kuzaliwa. Wenzake walimpa kwa sababu ya kazi yake. Wengine walishona mikono, mifuko na pindo. Yeye alishona kola tu, na kola ya koti huwashinda wengi. Ikipinda kidogo, koti zima linaonekana la kuazima. Za Mama Kola hazikupinda. Kwa miaka ishirini na miwili hakuna koti lililowahi kurudishwa mezani kwake, na hakuona haya kulisema hilo mbele ya mtu yeyote.

Jioni alikuwa mtu wa televisheni. Alipenda shindano la mapishi, ingawa majaji wake aliwaona wana maringo. Alipenda kipindi cha wanyama, na kila swala alipomponyoka simba, Mama Kola alipiga makofi. Lakini kipenzi chake hasa kilikuwa tamthilia ya mapacha waliopotezana utotoni. Mmoja alikuwa tajiri, mwingine alikuwa mpishi katika nyumba ya huyo huyo tajiri, na hakuna aliyejua. Mama Kola aliijua familia ile kuliko alivyowajua mashemeji zake. Aliwashauri, aliwakaripia, na mpishi alipolia, naye alilia.

Alikuwa na tabia moja. Tamthilia mpya ikifika kwenye kibanda cha mtaani, aliinunua kwenye flashi na kutazama sehemu ya mwisho kwanza. Hakutaka kumwaga machozi kabla ya kujua kama mambo yatakwisha vizuri. Mumewe alikuwa mpaka rangi wa nyumba. Alimwambia kwamba huko ni kupaka rangi kabla ya kupiga plasta. Mama Kola alimpa kisogo na kubonyeza kitufe.

Kisha mgongo ukaanza kuuma.

Mwanzoni ulikuwa uchovu tu wa jioni. Baada ya miezi miwili uliuma tangu asubuhi, chini ya kiuno, na mabega yalikaza kama yamebeba ndoo. Mama Kola hakumwambia mtu. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Yeye hakuumbuliwa na kifo, aliumbuliwa na kola. Kila alipobadilisha mkao kukwepa maumivu, kitambaa kiliteleza chini ya sindano. Siku moja msimamizi wa karakana aliweka makoti matatu mezani kwake. Kola zote tatu zilikuwa zimeegemea upande mmoja.

Msimamizi hakuwa mtu mbaya. Alivuta kiti, akaongea polepole ili wengine wasisikie.

"Mama, baada ya wiki sita tunakabidhi makoti ya bendi. Kola zake ni za kusimama. Unajua ugumu wake."

"Najua. Nitazishona."

"Natamani iwe hivyo. Lakini yakirudi mengine, nitakuhamishia meza ya vifungo upumzike. Yule binti wa vifungo atakaa hapa dirishani. Ana macho mazuri."

Mama Kola aligeuka kumtazama binti wa vifungo. Alikuwa msichana mpole, mgeni wa miezi minane, ameinamia sindano yake bila habari. Mama Kola alimchukia palepale, ingawa alijua hana kosa. Aliyaambia makoti yale matatu, kwa sauti ya chini, kwamba atakufa fundi wa kola.

Jioni ile hata mapacha hawakumfariji. Katikati ya matangazo aliona mwanamke mwenye nywele za mvi akijikunja na kujinyoosha juu ya mkeka, uso wake umetulia. Lilikuwa tangazo la mfululizo wa masomo ya yoga, sehemu thelathini. Msomaji wa tangazo alisema mwanamke yule aliwahi kusumbuliwa na mgongo. Mama Kola alikaa wima. Kesho yake alipita kibandani, akanunua flashi, akarudi nyumbani roho juu.

Bila shaka mmeshajua alichofanya. Alifungua sehemu ya thelathini.

Katika sehemu ya thelathini, mwanamke wa mvi alilala chali, akainua miguu, akaipeleka nyuma ya kichwa mpaka vidole vikagusa sakafu. Mama Kola alitandika shuka kati ya kochi na meza. Akapiga moyo konde. Miguu ilipanda. Ilipita kichwani. Ilikwama chini ya meza, nayo ikakataa kurudi. Kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma. Mumewe aliporudi kazini alikuta nyayo mbili zikimtazama kutoka chini ya meza, na sauti ikimwomba asicheke. Alicheka kidogo. Alipoona machozi ya mkewe aliacha, akasogeza meza, akamlaza ubavu, kisha akapanda ngazi mbili mbili kumwita jirani wa ghorofa ya juu.

Jirani huyo alikuwa mtaalamu wa tiba ya viungo katika kliniki. Mtaa mzima ulimwita Dada Nyoosha, kwa sababu hakuweza kumpita mtu aliyejikunja bila kumwambia, "Nyoosha mgongo huo." Alipiga magoti kando ya Mama Kola, akauliza maswali kabla hajamgusa. Maumivu yanashuka mguuni? Kuna ganzi? Miguu imepungukiwa nguvu? Mkojo unatoka bila kutaka? Mama Kola alijibu hapana kwa yote.

"Afadhali," Dada Nyoosha alisema. "Moja tu kati ya hayo lingetosha tukupeleke hospitali sasa hivi. Hata hivyo kesho njoo kliniki ukapimwe vizuri. Mgongo haupimwi sebuleni."

Kesho yake alipimwa. Mfupa ulikuwa mzima, mishipa ya fahamu mizima. Misuli ndiyo iliyochoka. Alikuwa ameiinamisha kwa saa tisa kwa siku juu ya cherehani, kisha saa tatu zaidi kwenye kochi. Dada Nyoosha alimwambia kwamba yoga ingeweza kumsaidia, lakini si ile aliyoanza nayo.

"Ile ni ya mtu aliyefanya mazoezi kwa miaka," alisema. "Kwa nini hukuanza mwanzo?"

Mama Kola aliona aibu, lakini alieleza. Dada Nyoosha alisikiliza hadi mwisho bila kucheka.

"Kwenye tamthilia ukijua mwisho hakuna kinachovunjika. Mwili hauna njia ya kuruka. Utaanza sehemu ya kwanza, nami nitakuonyesha."

Siku ile ile jioni alishuka na mkeka wake. Mumewe Mama Kola alikaa mlangoni, mikono kifuani. Alikuwa na jambo. Alikuwa amesikia kwamba yoga ni ibada ya watu wengine, na yeye hakutaka mkewe aingizwe kwenye ibada asiyoijua. Dada Nyoosha hakukasirika. Alimwambia ni kweli yoga ilianza zamani katika nchi za mbali, na wapo wanaoifanya kama sehemu ya imani yao. Lakini kliniki yake hutumia mikao na pumzi tu. Hakuna anayeabudu chochote, na kila mtu hubaki na sala zake. Kisha alimwambia aje naye kwenye mkeka, maana mtu anayepaka dari siku nzima shingo yake haiwezi kuwa salama. Mume alikohoa, akatoa mikono kifuani, akaja.

Mkao wa kwanza ulikuwa wa paka. Mtu hupiga magoti, huweka viganja chini, hupandisha mgongo juu akitoa pumzi, hushusha polepole akivuta pumzi. Wa pili ulikuwa wa mtoto aliyelala kifudifudi, makalio yameegemea visigino. Wa tatu, mtu hulala chali na kukumbatia magoti. Basi. Mama Kola alisubiri mingine.

"Ndiyo hiyo tu?"

"Ndiyo hiyo tu, kwa wiki mbili. Ukisikia kuvutwa, sawa. Ukisikia kuchomwa, acha hapo hapo."

Baadaye ikaja kazi ya kukaa kimya, inayoitwa meditesheni. Mama Kola aliidharau. Kukaa bila kufanya kitu, alisema, alikuwa hodari tangu zamani, na kochi lilikuwa shahidi. Dada Nyoosha alimweleza kwamba maumivu huleta wasiwasi, wasiwasi hukaza misuli, na misuli iliyokaza huleta maumivu mengine. Kwa hiyo na wasiwasi nao una dawa yake. Alimwambia akae wima kwenye kiti, afumbe macho, ahesabu pumzi kumi, arudie kwa dakika tano.

Alihesabu moja, mbili, tatu. Kwenye nne alimwona pacha tajiri akimfukuza mpishi. Kwenye tano alimwona binti wa vifungo amekaa dirishani. Alifumbua macho kwa hasira na kusema kichwa chake hakifai.

"Kichwa cha kila mtu huzurura," Dada Nyoosha alisema. "Ukigundua kimetoka, kirudishe kwenye pumzi. Kukirudisha ndiyo kazi yenyewe. Kitambaa kikiteleza chini ya sindano, wewe hufanyaje?"

Mama Kola alifikiri. "Sikivuti. Nikikivuta kitachanika. Nakirudisha taratibu kwa vidole."

"Basi unajua meditesheni tangu zamani."

Mama Kola alifurahi, akafumba macho tena bila kuambiwa.

Lilibaki suala la kazini. Dada Nyoosha alimwomba amwonyeshe anavyokaa, naye akakaa, pua karibu iguse meza. Walikubaliana apandishe kiti kwa mto mgumu na kusogeza taa karibu, ili kitambaa kije kwenye macho na si macho kwenye kitambaa. Pia asikae zaidi ya nusu saa bila kuinuka. Mama Kola alisema akishika kola hawezi kutazama saa. Ndipo yeye mwenyewe akapata jibu. Cherehani ina bobini, kile kigurudumu cha uzi wa chini, na kwa kola ngumu bobini yake huisha kila baada ya nusu saa au karibu na hapo. Bobini ikiisha, atasimama, atanyoosha mikono juu, atavuta pumzi tano, kisha ataweka bobini nyingine. Dada Nyoosha alikiri kwamba miaka yote ya chuo hakuwahi kufundishwa hilo.

Nyumbani walitumia matangazo. Tamthilia ikikatika, mke na mume walishuka kwenye mkeka. Mume alilalamika kwamba zamani matangazo yalikuwa marefu mno na sasa yamekuwa mafupi.

Wiki ya kwanza haikubadilisha kitu, na Mama Kola alinung'unika. Wiki ya pili alilala hadi asubuhi bila kuamshwa na kiuno. Wiki ya tatu alishona kola nane za bendi, akazitazama, akafumua mbili mwenyewe kabla msimamizi hajaziona. Wiki ya nne hakufumua hata moja. Wenzake walimtania kila aliposimama na kunyoosha mikono, wakamuuliza kama anasalimia ndege. Aliwajibu kwamba ndege hao wana adabu kuliko wao. Mgongo bado uliuma siku nyingine, hasa alipojisahau. Lakini sasa alijua la kufanya, na kujua huko tu kulimpunguzia nusu ya mzigo.

Siku ya kukabidhi ilifika. Makoti sitini yalitundikwa kwenye mstari mmoja, mekundu yote, vifungo viking'aa. Msimamizi alipita taratibu. Alipitisha kidole juu ya kila kola, akasukuma kidogo kuona kama itaegemea. Mama Kola alisimama kando, miguu imeachana, mabega chini, akihesabu pumzi. Alifika kumi mara nyingi.

Msimamizi alifika koti la sitini. Alirudi mpaka la kwanza, akalitazama tena, kisha akamgeukia.

"Hakuna la kurudi," alisema. "Kiti ni chako, Mama. Na nilikosea kungoja kola zipinde kabla ya kukuuliza hali yako."

Mama Kola alikuwa amejiandalia maneno makali kwa siku hiyo, lakini yote yalimpotea. Alijaa fahari mpaka kifua kikamzidi. Kwa miaka ishirini na miwili alijivunia mikono yake. Siku ile, kwa mara ya kwanza, alijivunia mwili mzima uliobeba mikono hiyo. Msimamizi alitangaza kwamba kuanzia sasa karakana yote itasimama dakika tano kila saa, na Mama Kola ndiye atakayeongoza. Waliomtania walipiga makofi kwa nguvu kuliko wote.

Watu walipoanza kutawanyika, binti wa vifungo alibaki. Alikuwa akisugua kiuno kwa mkono mmoja, kwa siri, kama mtu anayeficha doa kwenye nguo. Mama Kola aliutambua mkono ule. Chuki yote ya wiki sita ilimtoka kwa aibu.

"Tangu lini?" alimuuliza.

Binti aliinamisha macho. "Tangu mwezi wa tatu, Mama. Nilihofia kusema. Nilitaka siku moja unifundishe kola, nikaogopa utaniona legelege."

Mama Kola alienda dirishani, akavuta kiti cha jirani, akakiweka ubavuni mwa cherehani yake.

"Njoo," alisema. "Kola nitakufundisha yote, sitakuficha kitu. Lakini leo hatushiki mkasi. Leo tunajifunza kukaa."