Siku ya Mia ya Mjukuu wa Bibi Pyo

Gyeong-ran alikuwa na wivu, na wivu wake ulikaa ng'ambo ya barabara.

Yeye na mumewe, Deok-su, walikuwa na duka la keki za mchele mjini Daegu. Mume alipika. Mke alitengeneza programu ya simu ya kupokea oda. Ng'ambo, Hye-rim naye alikuwa na duka na programu yake. Kila msimu, programu ya Hye-rim ilivaa rangi mpya.

"Juzi maua, leo majani mekundu," Gyeong-ran alinung'unika. "Huyu halali?"

"Mama Su-a, kula," alisema Deok-su. "Supu inapoa."

Hakula. Siku ileile alitengeneza skrini mpya ya oda, nzuri kuliko ya jirani.

Bibi Pyo, mteja wao wa miaka mingi, aliagiza keki nyeupe za siku ya mia ya mjukuu wake, sherehe ya mtoto kutimiza siku mia tangu azaliwe. Aliandika tarehe ya kuzaliwa, programu ikahesabu siku. Keki zikafika Jumatano. Sherehe ilikuwa Jumanne.

Bibi Pyo alikuja mwenyewe dukani.

"Jana wageni wangu walikula nini, hewa? Leo mtoto ana siku mia na moja. Hamjui kwamba siku ya kuzaliwa ndiyo ya kwanza?"

"Tunajua, bibi," alisema Gyeong-ran.

"Simu yenu haijui. Ukumbusho kwenye programu yenu unasema Jumanne, oda inasema Jumatano. Basi mimi nahamia ng'ambo."

Neno "ng'ambo" lilimchoma Gyeong-ran kuliko yote. Alifungua kazi yake akaikagua. Kulikuwa na skrini tano, na kila skrini ilijihesabia siku kivyake. Ile mpya, aliyoiandika kwa haraka ya wivu, ilianza kuhesabu siku iliyofuata ile ya kuzaliwa.

"Kamuulize Hye-rim, yeye hubadilisha skrini kila msimu na haikosei," alisema Deok-su.

"Bora nimeze mawe."

Lakini alikwenda, akamweleza kosa lote. Hye-rim alikuwa mdogo kuliko yeye kwa miaka miwili, na hilo nalo liliuma.

"Dada, jikoni kwenu nani anajua kipimo cha chumvi?" aliuliza Hye-rim.

"Baba Su-a."

"Ukibadilisha sahani, chumvi inabadilika?"

"Itabadilikaje?"

"Kwako sahani ndiyo inapika. Toa hesabu kwenye skrini zote, iweke mahali pamoja. Huko isijue rangi wala vitufe. Skrini iulize tarehe, ijibiwe, ionyeshe. Basi. Hiyo hesabu unaijaribu peke yake, hata kwa vidole, kabla hujachora kitu."

"Ndiyo maana wewe unabadilisha rangi kila msimu?"

"Nabadilisha sahani tu, dada."

Gyeong-ran aliandika kanuni moja: siku ya kuzaliwa ni ya kwanza. Alifuta zile hesabu tano. Aliijaribu kanuni kwa tarehe thelathini. Kisha akavalisha skrini rangi ya theluji, na hakuna siku iliyosogea.

Mjukuu alipokaribia kutimiza mwaka mmoja, Bibi Pyo alipiga simu.

"Ng'ambo keki zao ni ngumu," alisema. "Nimeagiza kwenu. Ila safari hii nimehesabu mwenyewe kwenye kalenda."

Gyeong-ran alishika simu kwa mikono miwili. "Na umepata lini, bibi?"

"Alhamisi. Sawa na simu yenu."

Gyeong-ran alicheka, akatazama ng'ambo. Hye-rim alikuwa anatundika bango jipya.

"Baba Su-a," aliita Gyeong-ran, "lile bango amelitoa wapi?"